Themostati janja kwenye boila ya zamani: tafuta umeme kwanza, waifai baadaye

Themostati janja, yaani kifaa cha ukutani kinachodhibiti joto la nyumba na kuunganishwa na simu, ikianza kuzimika wakati wa baridi kali, wengi wetu hukimbilia simu. Tunafuta programu, tunaipakua upya, tunazima ruta na kuiwasha. Nyumbani kwetu tulipita njia hiyohiyo. Kama boila yako ni ya zamani na kazi yake ni kupasha joto tu, bila kiyoyozi, nakuomba uanze mahali pengine kabisa. Chunguza umeme mdogo unaopita kwenye nyaya mbili zilizotokeza ukutani, kisha uufuate hadi kwenye boila.

Boila yetu ni ya gesi, ya miaka mingi. Inapasha maji na pampu inayasukuma hadi kwenye rejeta nzito za chuma vyumbani. Sebuleni palikuwa na themostati ya duara, ile yenye kichupa cha kioo ndani na tone la zebaki. Kichupa kikiinama upande mmoja, zebaki inaunganisha nyaya mbili na boila inawaka. Kikiinama upande wa pili, zinaachana na boila inazimika. Ilifanya kazi hiyo miaka na miaka bila kumsumbua mtu.

Tuliibadilisha kwa sababu ya mama. Alikuwa amekuja kukaa nasi baada ya upasuaji, sisi tunashinda kazini, na yeye si mtu wa kusema anaona baridi. Nilitaka niweze kuangalia joto la chumba chake kwenye simu na kuliongeza bila yeye kuinuka. Nikanunua themostati janja, nikafungua ile ya zamani, nikahamisha nyaya. Programu iliuliza zipo nyaya zipi, nikajibu R na W, yaani waya unaoleta umeme na waya wa kuita joto. Ikakubali, boila ikawaka, na wiki za mwanzo, hali ya hewa ikiwa bado ya wastani, hatukuona kasoro yoyote.

Baridi ilipokaza, mambo yakabadilika. Tunaamka asubuhi skrini ni nyeusi na nyumba imepoa. Nikiitoa ukutani na kuichaji kwa waya wa simu inaamka, inashika waifai, inakaa siku nzima, halafu usiku inazimika tena. Baadaye likaja jambo la pili lililonitisha zaidi: mlio wa rilei, yaani swichi inayovutwa na umeme, kwenye chumba cha boila, taka-taka-taka, kama mtu anayebofya kalamu, kisha moto unashika kwa muda mfupi na kuzimika ilhali hakuna aliyeomba joto. Mama alikuwa akijifunika khanga juu ya blanketi na kuniambia, "Usijisumbue mwanangu, nimezoea." Maneno hayo yaliniuma kuliko angelalamika.

Kabla sijasimulia tulivyohangaika, nieleze kilichokuwa kikitokea, maana ukikielewa hiki utajiokolea pesa nyingi.

Ndani ya boila kuna transfoma ndogo inayoshusha umeme wa nyumba hadi volti 24 za AC (mkondo geu). Waya wa R unatoka upande mmoja wa transfoma hiyo na kupanda hadi kwenye themostati. Themostati ikiita joto inaunganisha R na W. Umeme unashuka kupitia W hadi kwenye koili ya rilei, yaani waya uliozungushwa unaoivuta, unapita ndani ya koili na kurudi upande wa pili wa transfoma. Upande huo wa pili ndio unaoitwa C. Themostati ya zebaki haikuwa na haja ya C hata kidogo, kwa sababu yenyewe haili umeme, inaufungulia njia tu.

Themostati janja ina skrini, redio ya waifai na kompyuta ndogo ndani, na vyote vinataka umeme usiku na mchana. Isipopewa C, inadokoa. Boila ikiwa imezimika, inapitisha mkondo mdogo sana kupitia W na koili ya rilei, na kwa mkondo huo inachaji betri yake ya ndani. Boila ikiwa inawaka, R na W zimeshaungana, kati yake hakuna volti, hivyo hakuna cha kudokoa isipokuwa ikate njia kwa vipande vifupi mno vya sekunde. Siku za baridi boila inawaka kwa saa nyingi mfululizo. Betri inakosa wakati wa kujaa, na themostati inazimika siku ileile unayoihitaji zaidi. Ule mkondo wa kudokoa nao, ukikutana na rilei nyepesi ya boila ya zamani, unaweza kutosha kuisisimua. Ndiyo ule mlio wa taka-taka tuliokuwa tukiusikia.

Sisi hatukuyajua haya. Tulibadilisha ruta. Tukarudisha themostati dukani tukapewa nyingine ya aina ileile, nayo ikafanya vilevile. Kisha tukaita fundi. Alikuja, akafungua kava la boila, akaona skrubu mbili zilizoandikwa T na T ambako nyaya za themostati zinaingia. Akavuta waya wa ziada kutoka kwenye skrubu mojawapo hadi kwenye tundu la C la themostati. Skrini ikawaka vizuri, betri ikaonyesha inajaa, tukamlipa akaondoka. Jioni baridi ilipoingia, themostati ikaita joto na papo hapo ikazimika. Ikawaka tena, ikaita joto, ikazimika. Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Hapa naomba ukae na mimi kidogo, maana mtego huu unanasa hata mafundi. Zile T mbili si R na C. Moja ni R na ya pili ni W. Ukichukua waya kwenye ile ya W na kuuita C, mambo yataonekana sawa muda wote boila ikiwa imezimika, kwa sababu W imeunganishwa na C halisi kupitia koili. Themostati inapima, inaona volti, inaridhika. Ikiita joto, inaunganisha R na W, na kwa kuwa hiyo C ya uongo ni W yenyewe, volti zake za kula zinaporomoka hadi sifuri. Inakuwa imejikatia umeme yenyewe. Ukiona themostati inayozimika kila inapoita joto, lishuku hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Aliyetutoa gizani ni fundi mmoja mzee, mstaafu, aliyefanya kazi ya boila maisha yake yote. Hakuomba hata kuiona simu yangu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Hiki chombo kinakula wapi?" Nilipomwonyesha ule waya wa fundi wa kwanza alitikisa kichwa. Akatoa maltimita, mita ya kupimia umeme, akasema tuanze upya, ukutani kwanza.

Alichonifundisha kwanza ni kutoamini kwamba nyaya nyembamba ukutani ni za volti 24. Kuna mifumo ambayo waya wa themostati unabeba umeme kamili wa nyumba, volti 120 au 230, na hiyo inaweza kuua mtu, mbali na kuunguza themostati iliyotengenezwa kwa volti 24. Kwa upande wa pili kuna vifaa vya zamani vya gesi visivyotumia umeme wa nje hata kidogo: joto la moto mdogo unaowaka daima linazalisha kama milivolti 750, na hizo ndizo zinazofungua vali ya gesi. Themostati janja haiwezi kuishi hapo bila rilei na transfoma yake ya pembeni. Kwa hiyo pima kwanza, na ukiona namba inayokaribia umeme wa nyumba, acha na umwite mwenye leseni.

Kwetu mita ilisoma 26 na kitu kati ya nyaya mbili, themostati ikiwa imetolewa. Alisema ndiyo kawaida: transfoma isiyo na mzigo hupanda kidogo juu ya 24. Kisha akazigusanisha nyaya hizo mbili. Chini kukasikika rilei ikishika mara moja, safi, pampu ikaanza kunguruma, moto ukawaka na ukakaa. Kwa kitendo hicho kimoja tulijua boila ni nzima, nyaya za ukutani ni nzima, na ubishi wote uliobaki ni wa themostati na chakula chake. Kama ningekifanya siku ya kwanza, baada ya kuhakikisha ni volti 24, tusingebadilisha ruta wala kurudi dukani.

Chini kwenye boila alizima swichi kuu kabla ya kufungua kava la kidhibiti, kwa sababu ndani yake umeme wa nyumba na zile volti 24 vinakaa jirani kabisa. Nyuma ya kava palikuwa na mchoro wa nyaya, karatasi ya rangi ya chai iliyounguzwa pembeni na joto. Tuliusoma kwa tochi. Ukiukuta mchoro wako, upige picha kabla ya kugusa chochote, na piga picha ya nyaya zilivyo pia. Usifuate rangi. Kwetu waya mweupe ulikuwa R na mwekundu ulikuwa W, kinyume cha mazoea, kwa sababu aliyeziunganisha zamani hakuona tofauti yoyote: kwa swichi, upande wowote ni sawa.

C ya kweli aliitafuta hivi. Themostati ikiwa imeachanishwa, aliwasha umeme tena, akaweka ncha moja ya mita kwenye skrubu ya transfoma aliyodhani ni C, na nyingine akaigusisha kwenye kila T. T moja ikasoma volti 26, hiyo ni R. Nyingine ikasoma sifuri, hiyo ni W, kwa kuwa koili inaiunganisha na C na hakuna mkondo unaopita. Kisha akaunganisha T mbili, boila ikawaka, akapima tena kati ya R na ile C. Bado volti zilikuwepo. Hicho ndicho kipimo cha mwisho, na ndicho ninachotaka ukishike: kati ya R na C ya kweli volti hubaki palepale, boila ikiwaka au isiwake. Kipimo hiki kinafanywa umeme ukiwa hai ndani ya kidhibiti, kwa hiyo kama si fundi, simama kando umwombe fundi akifanye ukiona kwa macho yako. Fundi mzuri hatakukatalia.

Nilidhani hapo tumemaliza, tuvute waya kutoka C kwenda juu. Akanizuia. Transfoma nyingi za boila za aina hii ni za volti-ampea 40, yaani kama ampea 1.6 tu kwa volti 24, na yetu ilikuwa tayari inabeba rilei, vali ya gesi na vali mbili za maji zinazogawa joto kati ya chini na juu. Vali zile zilikuwa za zamani zinazofunguka kwa kipashajoto cha ndani, na kila moja inavuta karibu ampea 0.9. Piga hesabu mwenyewe. Zikifunguka zote mbili, transfoma imeshaelemewa hata kabla ya kuongeza kitu. Tena boila kama yetu haina fyuzi upande wa volti 24. Waya wa R ukigusa C kwa bahati mbaya wakati wa kazi, kinachoungua ni transfoma yenyewe.

Njia zilikuwa tatu, na nitaeleza zote kwa sababu nyumba yako inaweza kufaa ile tuliyoiacha.

Ya kwanza ni C kutoka kwenye transfoma ya boila. Ni rahisi na nafuu kama transfoma ina nafasi. Weka fyuzi ya ampea 3 kwenye R.

Ya pili ni transfoma ndogo ya volti 24 ya kuchomeka kwenye soketi karibu na themostati. Hii inahitaji themostati yenye Rh (R ya joto) na Rc (R ya kiyoyozi) mbalimbali: nyaya za boila zinakaa Rh na W, nyaya za transfoma mpya zinakaa Rc na C, na kile kiunganishi cha kati ya Rh na Rc lazima kiondolewe. Ukikiacha, umeunganisha transfoma mbili zisizojuana. Baadhi ya themostati zinaunganisha Rh na Rc kwa ndani, na nyingine zina R moja tu. Hizo hazifai kwa njia hii, kwa hiyo soma maelekezo ya yako kabla ya kununua transfoma.

Ya tatu ndiyo tuliyoichagua: transfoma mpya na rilei ya pembeni, vyote kwenye chumba cha boila. Transfoma hiyo inailisha themostati R na C. W inashuka na kuivuta koili ya rilei mpya. Rilei inapovutwa, mguso wake mkavu, yaani usio na umeme wake wenyewe, unaunganisha zile T mbili za boila, kama zebaki ilivyokuwa ikifanya. Boila haijui kama kuna themostati janja duniani, na themostati haigusi umeme wa boila kabisa. Kama kitu kitaharibika upande mmoja, upande wa pili hauungui. Kwa mfumo wa zamani ambao vipuri vyake vinazidi kuwa adimu, nasimama na njia hii hata kama inagharimu zaidi.

Kazi ngumu haikuwa kuunganisha, ilikuwa kupitisha waya. Tulihitaji nyaya tatu kwenda juu na ukutani zilikuwamo mbili, zimepigiliwa kwenye mbao kiasi kwamba hazivutiki. Tukapitisha kebo mpya kupitia kabati la nguo la chumba cha jirani. Usiweke kebo ya nyaya tatu kwa sababu unahitaji tatu. Weka ya nyaya tano, ya unene wa geji 18, uzikunje zile mbili za ziada na kuziacha nyuma ya themostati. Tofauti ya bei ni ndogo na hutatoboa ukuta mara ya pili.

Kwa jumla, fundi na vifaa vilitugharimu zaidi ya themostati yenyewe. Hili liweke kwenye bajeti kabla ya kununua, na kama huwezi, si lazima uteseke. Zipo themostati za waifai zinazotumia betri za kawaida za kubadilisha, na zipo zenye kipokezi kinachokaa kwenye boila na kuongea na kile cha ukutani kwa redio. Skrini zake si za kupendeza sana, lakini kwa nyumba yenye nyaya mbili zisizovutika ningemshauri mtu achukue hizo bila kusita. Jihadhari tu na vile vikadapta vinavyokuja ndani ya boksi la baadhi ya themostati kwa ajili ya kupata C: vingi vinataka nyaya nne, na boila ya joto tu haina nne.

Umeme ulipotulia, ikabaki mipangilio. Themostati ilikuwa imejiwekea kwamba ni tanuru ya hewa moto, hivyo ikawa inawasha na kuzima boila mara kwa mara. Rejeta za chuma hazitaki hivyo. Zinachelewa kupata moto na zikishapata zinaendelea kutoa joto muda mrefu baada ya boila kuzimika, na chumba kinapitiliza kiwango ulichoomba. Tafuta kwenye menyu sehemu ya aina ya mfumo, chagua boila au rejeta. Kama inauliza idadi ya mizunguko kwa saa, maji moto ni 3 na mvuke ni 1. Hewa moto ndiyo inayokubali 5 au 6. Tuliacha pia kushusha joto sana usiku. Nyuzi mbili zinatosha kwetu, kwa sababu chuma kile kikishapoa kinachukua asubuhi nzima kurudi, na mgonjwa haamki saa za wenye afya.

Jambo dogo lililonishangaza ni tundu la waya nyuma ya themostati. Upepo wa baridi ulikuwa ukipanda ndani ya ukuta na kutokea hapo, ukipuliza moja kwa moja kwenye kipimajoto, na themostati ikaamini sebule ina baridi kuliko ilivyo. Tuliliziba kwa udongo laini wa kuchezea watoto na kosa la zaidi ya nyuzi moja likatoweka siku hiyohiyo.

Ile themostati ya duara bado ninayo, imefungwa ndani ya mfuko imara na kusimama wima ili kichupa kisipasuke. Nimeiweka kwenye chumba cha boila pamoja na picha ya mchoro, na kwenye zile T mbili nimebandika tepu yenye maandishi R na W. Usiku ambao chombo kipya kitagoma na hakuna fundi, nyaya mbili zikirudishwa kwenye zebaki mabomba hayataganda na mama hatalala na baridi. Kama wewe huihitaji tena ya kwako, usiitupe kwenye taka za kawaida. Zebaki ni sumu. Ipeleke kwenye kituo cha kupokea taka hatari, ikiwa nzima.